Ngozi Inayoandikika

Saa tisa usiku, Kaptembwo, mvua imekwisha,
mabati bado yanadondosha yaliyobaki,
nami nimeketi ukingoni mwa kitanda
nikijikuna kama mtu aliyeangusha sarafu mchangani.

Ilianzia bega la kulia,
pale gunia la mahindi hukaa.
Mstari mmoja, mwekundu, umeinuka
kama tuta la viazi kule Molo.
Kisha kiuno, pale mshipi hubana.
Kisha mabaka, moja likizama hapa
jingine likiibuka kule,
na asubuhi, ninapotaka kumwonyesha mtu,
hakuna kitu. Ngozi safi. Mwongo mimi.

Wenzangu wa ghala wakaniita Ramani.
"Ramani, leo umechora wapi? Baringo?"
Nilicheka nao. Gunia la kilo tisini
halingoji mtu apone.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga,
basi nikazigeuza nguo zote ndani nje,
nikazichemsha, nikazianika siku mbili,
nikamsaka kunguni kwa tochi ya simu.
Sikupata hata mmoja wa kulaumu.

Mama akapiga simu kutoka Nyamira:
jicho la mtu limekushika, njoo upakwe samli.
Jirani akasema ni mayai. Kinyozi akasema omena.
Nikaacha mayai, nikaacha omena, nyanya, njugu,
nikabaki na ugali, sukuma na hofu,
na mabaka yakaja kula nami bila kunawa.

Hadi Bi. Jerop wa zahanati,
mwenye miwani iliyofungwa uzi.
Hakuuliza nimekosana na nani.
Alichukua kifuniko cha kalamu
akakiburuta mgongoni mwangu, msalaba mmoja.
"Ngoja," akasema, akaendelea na chai yake.
Chai haijafika nusu, msalaba umefura.
Akaupiga picha kwa simu yangu,
nikauona: mgongo wangu, shahidi wangu.

"Mwili wako umeajiri askari mwoga.
Paka akipita, anapuliza filimbi ya mwizi,
mtaa mzima unaamka, taa zinawaka.
Nani alimtisha, hatujui.
Mara nyingi hatujui kamwe."

Hakuna aliyewahi kuniambia *hatujui*
kwa sauti isiyo na aibu.
Nilijiona nimetibiwa nusu.

Nusu ya pili niliipokea kwenye karatasi:
kidonge kimoja jioni, kila jioni,
hata siku ambayo ngozi imenyamaza;
maji ya kuoga yawe vuguvugu,
si yale ya moto niliyoyapenda;
kitambaa baridi badala ya kucha;
mshipi ulegezwe tundu moja, taulo chini ya gunia.
"Wala haiambukizi. Mbebe mtoto wako."
Kisha akavua miwani:
"Lakini midomo ikivimba, koo likibana, pumzi ikikatika,
usinitafute mimi, usingoje kupambazuke.
Hospitali kuu, mbio, hata kwa mkokoteni."

Miezi mitatu sasa. Sijapona, tumezoeana.
Kuna wiki ambazo simsikii yule askari,
kuna usiku anapuliza mpaka mate yanamkauka.

Jumapili iliyopita Bosibori wangu,
aliyeanza shule Januari,
aliushika mkono wangu kama daftari
akaandika jina lake kwa ukucha,
ulimi nje, S ikitazama nyuma.
Herufi nne, akafika kiwikoni, karatasi ikaisha.
Tukangoja pamoja, vichwa vimegusana.
Zikainuka moja moja, kama mandazi mafutani:
BOSI.

Mimi, mbeba magunia wa watu,
nimepandishwa cheo
na mtu asiye na meno mawili ya mbele.
Aliangua kicheko, akakimbia kumwita mama yake aje asome.

Iliwasha, ndiyo. Iliwasha kweli.
Niliukalia mkono wa pili
mpaka herufi ya mwisho ikazama.